Sababu ya Kuchelewa

Kompyuta inanipa sababu saba:
ugonjwa, daktari wa meno, basi, msiba,
mahakama, ibada, nyingineyo.
Mwaka wa kumi na tisa huu niko nyuma ya kioo hiki,
Norfolk, shule ya sekondari ya umma,
nagawa vikaratasi vya waridi kwa waliochelewa,
na vidole vyangu vinakijua kila kitufe
kama ulimi unavyolijua pengo.

Leo hakuna hata wingu. Jua linawaka mpaka linaudhi.
Na bado maji yamepanda. Bamvua la Oktoba
limepenya mitaroni, likatokea juu ya lami
kimyakimya, kama mgeni ajuaye ufunguo unapofichwa.
Basi namba arobaini na moja limegeuzia kanisani.
Walimu wameegesha magari kwenye nyasi,
maana chumvi, wanasema, inakula breki.

Saa tatu kasorobo anaingia Tremaine Boone,
suruali kaikunja hadi magotini,
viatu vipya vimo ndani ya mfuko wa duka,
fundo mbili, vikavu,
vimebebwa kifuani kama kitoto.
Nyayo zake zinamfuata hadi dirishani kwangu.
"Sababu?" Ndiyo kazi yangu, kuuliza.
"Bahari," anasema.

Foleni inaangua kicheko. Yeye hacheki.
Mama yake, Shavonda, nilimwandikia vikaratasi hivihivi
mwaka wangu wa kwanza hapa.
Sababu yake siku zote ilikuwa usingizi.
Enzi hizo maji yalikuwa na adabu,
yalikaa mtoni.

Anayefuata ni Junel Abrenica, na bahasha.
Baba yake ni fundi mitambo katika manowari,
na manowari imepewa amri ya San Diego.
Ni wa tatu wiki hii.
Nalifungua faili lake: San Diego, Yokosuka, Norfolk,
na sasa San Diego tena.
Nusu ya kwanza ya kemia ameisoma mara tatu,
nusu ya pili hajawahi kuiona.
Anarudisha kitabu. Ukurasa wa mia na kumi
umekunjwa pembe.
"Niukunjue?" ananiuliza.
Namwambia auache.

Tremaine bado amesimama, anadondosha maji.
Skrini inasema: amechelewa mara nane.
Ya tisa ni barua, na barua ni hakimu,
na hakimu hukaa mjini, barabara ileile iliyozama.
Nyingineyo huhesabiwa. Basi halihesabiwi,
ila Tremaine hapandi basi, nyumba yao iko karibu mno,
karibu kwa mujibu wa ramani
iliyochorwa na mtu mwenye miguu mikavu.

Nabonyeza msiba.

Bwana Sutphin, naibu mkuu, husoma orodha saa tano
huku akila karoti.
Atakuja kuniuliza nani kafariki,
nami nitamwambia...
sijui nitamwambia nini.
Barabara ya akina Boone, labda.
Ilikuwa mgonjwa kwa muda mrefu.

"Nenda darasani," namwambia. "Vaa viatu."
Anakaa sakafuni pale pale, anafuta vidole vya miguu
kimoja kimoja, kwa soksi,
bila haraka yoyote,
na mimi niliyezoea kuwahimiza watu
namwacha afute.

Saa nane maji yamepwa.
Yameacha mstari mweupe kwenye magurudumu
na kisamaki kimoja, urefu wa kalamu,
kwenye nafasi ya kuegesha ya mwalimu wa hisabati.
Wasichana wa mwaka wa pili wanakipiga picha.
Mfagiaji anakisubiri na koleo lake.

Jedwali la kujaa na kupwa limebandikwa kando ya kengele.
Kesho, linasema, bahari itafika
dakika hamsini baada ya leo.
Nayo hakuna anayeiuliza sababu.